Riwaya za Wahindi wa Afrika Mashariki, Kutoka Mlango wa Jikoni

Mwaka jana Mama alinipigia simu akasema amepata ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp kutoka Kanada na hajui aujibu vipi. Akanitumia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, anaongea Kiswahili cha polepole, cha mtu ambaye lugha imelala mdomoni mwake miaka mingi na leo anaiamsha. Alijitambulisha. Alisema anaandika kumbukumbu za familia yao ili watoto wake wajue walikotoka. Alisema shosho yangu ndiye aliyemlea, pale Parklands, kabla hawajahama. Halafu akauliza: "Rakini jina yake kamiri irikuwa nani? Sisi turimwita Yaya tu."

Niliusikiliza ujumbe huo mara nne. Si kwa sababu ya swali. Hilo lilinichoma baadaye. Ni kwa sababu ya ile "rakini". Hapa kuna mama wa Kigujarati, amekaa Toronto zaidi ya miaka 30, na Kiswahili chake kina lafudhi ya Murang'a. Alikipata wapi? Kwa Shosho, jikoni, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Shosho tulimzika 2011. Sikujua kwamba sauti yake bado inatembea huko kwenye theluji, ndani ya mdomo wa mtu mwingine.

Shosho alifanya kazi katika nyumba hiyo miaka 26. Alilala kwenye kile chumba cha nyuma ambacho Nairobi tunakiita SQ. Alikuja nyumbani Jumapili mbili kwa mwezi, akatupikia chapati nyembamba kama karatasi ambazo hakuna mama mwingine kijijini aliyejua kuzipika. Msimu wa zambarau ukifika alikuja na mfuko umejaa, tukala mpaka ndimi zikawa za rangi ya wino. Familia ilipohama ilimwachia sufuria, blanketi mbili na barua ya kumsifu. Barua ilisema ni mwaminifu. Kuhusu pensheni haikusema kitu.

Baada ya ujumbe ule nilirudi kwenye rafu yangu. Kuna maktaba nzima ya vitabu na filamu kuhusu Wahindi wa Afrika Mashariki: walivyokuja, walivyojenga, walivyofukuzwa au kuishi wakiogopa kufukuzwa, walivyoanza upya Leicester, Toronto, Mississippi. Kazi hizi husomwa kwa swali moja kubwa: mtu ambaye ukoo wake umehama mara mbili, kutoka India kuja Afrika, halafu kutoka Afrika kwenda Magharibi, kwao ni wapi? Ni swali zuri. Lakini safari hii nilizisoma nikiwa na swali lingine, dogo na la kibinafsi: Shosho yuko wapi humu?

Nikuambie mapema nilichoona. Maswali haya mawili ni swali moja, na kazi iliyojaribu kujibu la kwanza bila la pili imebaki nusu.

*

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Sisi Wakenya tuna neno moja, "Muhindi", na tunalitumia kama blanketi la kufunika kila mtu: Mgujarati, Mpunjabi, Mgoa, Singasinga, Mwismaili, hata yule ambaye babu yake alitoka upande ambao leo ni Pakistan. Shuleni tulifundishwa kwamba walikuja kujenga reli. Huo ni ukweli nusu. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta takriban vibarua 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na wengi wa waliosalia walirudi walikotoka. Waliobaki ni kama 6,700. Wengi wa tunaowaita Wahindi leo ni vizazi vya watu waliokuja kwa jahazi na meli wakifuata biashara, wengine wakiwa Pwani kabla mtu hajaota habari ya reli.

Wameacha alama vinywani mwetu. Duka, pesa, gari, bima, gunia, chapati: yote hayo yalivuka bahari pamoja nao. Jaribu kwenda sokoni bila maneno hayo uone utarudi na nini. Mwaka 2017 serikali iliwatambua rasmi kama kabila la 44 la Kenya. Lakini pita Ngara leo, utasikia mtu akimuuliza kijana mwenye kitambulisho cha Kenya, aliyezaliwa hapo hapo: "Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?"

Hebu tulitazame hilo neno, maana Kiswahili kina akili hapa. Mtu anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja Roysambu atakuambia "karibu kwangu". Ukimuuliza nyumbani ni wapi, atasema "kwetu Kisii" au "kwetu Taveta", hata kama wazazi walishafariki na yeye ni mtoto wa pekee. Kwangu ni pale ninapolipa kodi ya nyumba. Kwetu ni pale ambapo kuna watu wengine ndani ya neno lenyewe. Hata anayeulizwa akiwa mmoja, tunamuuliza "kwenu". Huwezi kuwa na kwetu peke yako. Shikilia hapo, tutarudi.

*

Tuanze na filamu, kwa sababu wengi wenu mmeiona, au mliitafuta Novemba 2025 wakati Zohran Mamdani aliposhinda umeya wa New York na watu wa Kampala na Nairobi wakaijaza mitandao kwa "wetu huyo!" Zohran alizaliwa Kampala mwaka 1991. Mama yake, Mira Nair, ndiye aliyeongoza Mississippi Masala, iliyotoka mwaka huo huo. Baba yake, Mahmood Mamdani, ni mmoja wa waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu mkasa huo, From Citizen to Refugee.

Filamu inaanza wakati huo wa kufukuzwa. Idi Amin ametoa siku 90. Jay ni wakili, amezaliwa Uganda, na hajui kwao kwingine. Amemsema Amin hadharani akatiwa ndani, na anayemtoa ni Okelo, rafiki yake tangu utotoni. Okelo huyo huyo ndiye anayemwambia ukweli asiotaka kuusikia: Afrika sasa ni ya Waafrika, tena weusi. Jay anasikia usaliti, si onyo la rafiki. Anaondoka bila kumuaga. Miaka baadaye tunamkuta Greenwood, Mississippi, familia inaishi kwenye moteli, naye anaiandikia serikali ya Uganda barua baada ya barua akidai mali yake. Huku binti yake, Mina, amempenda Demetrius, kijana Mmarekani mweusi mwenye kazi ya kusafisha mazulia. Jamaa wanachachamaa.

Watu huikumbuka filamu hii kwa Mina na Demetrius, na siwalaumu: Denzel Washington akiwa kijana, nani angetazama kwingine? Tena pale Demetrius anapomkabili Jay, filamu inasema jambo ambalo jamii nyingi za wahamiaji hazipendi kuambiwa: kwamba mtu anaweza kufukuzwa kwa sababu ya rangi yake halafu akafika kwingine akambagua mwingine kwa rangi hiyo hiyo.

Lakini safari hii niliona kitu kingine. Mwishoni Jay anarudi Kampala kwa ajili ya kesi yake. Anaikuta nyumba imekuwa gofu. Na anaambiwa kwamba Okelo aliuawa, mwaka ule ule wa 1972. Fikiria hapo. Mtu amekaa karibu miaka 20 akiomboleza nyumba, kumbe wa kuombolezwa alikuwa mtu. Alikuwa akidai kwangu, na yule aliyeifanya pawe kwetu alikuwa ameshakufa bila kuagwa. Jay anaiacha kesi. Sijui filamu nyingine kuhusu wahamiaji inayomgeuza mhusika wake kwa ukatili na upole wa namna hiyo kwa pamoja.

Hata hivyo nina deni nayo. Filamu inampenda Okelo sana, lakini inampenda kwa kazi anayoifanyia familia ya Jay. Anamtoa korokoroni, anamwonya, anasimama kuwaaga mke na binti, kisha anafia nje ya kamera. Kwake hatufiki. Akiwa peke yake anawaza nini, hatuambiwi. Tunachojua kumhusu ni kwamba ni mwaminifu. Nilipofika hapo niliikumbuka ile barua ya Shosho.

*

M.G. Vassanji ndiye baba wa fasihi hii, upende usipende. Alizaliwa Nairobi 1950, akakulia Dar es Salaam, akaenda kusoma Marekani, anaishi Toronto. Mwaka 2003 alipata tuzo ya Giller ya Kanada kwa mara ya pili, kwa riwaya yetu sisi Wakenya: The In-Between World of Vikram Lall.

Vikram, au Vic, anatusimulia akiwa mafichoni Kanada. Tangu mwanzo anakiri kwamba ametajwa miongoni mwa mafisadi wakubwa kabisa wa Afrika. Kisha anarudi Nakuru, 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Watoto watano wanacheza pamoja: Vic na dada yake Deepa, Bill na Annie ambao ni Waingereza, na Njoroge, mjukuu wa mzee Mwangi anayefanya kazi ya bustani. Halafu Annie na familia yake wanauawa, na utoto unaishia hapo. Baadaye, Kenya ikiwa huru, Deepa na Njoroge wanapendana. Familia inakataa kabisa, Deepa anaolewa kwingine. Vic anaingia serikalini na kuwa yule mtu ambaye pesa za wakubwa hupitia mikononi mwake.

Hapa Vassanji amefanya jambo la ujasiri. Waandishi wa diaspora hupenda kusema "sisi tuko katikati" kwa sauti ya kuonewa huruma: hatuko huku, hatuko kule, jamani tuhurumieni. Vassanji analichukua neno hilo na kutuonyesha kwamba katikati pia ni kazi. Anayekaa katikati anaitwa dalali, na dalali hula pande zote mbili. Vic hafanyi ufisadi kwa kuwa ni Mhindi. Anaufanya kwa sababu wakubwa weusi wanahitaji mtu wa kutumia asiye na kabila la kumtetea, mtu ambaye siku mambo yakiharibika atatupwa na hakuna kijiji kitakacholia. Aliyewahi kufuatilia kashfa za nchi hii atamwelewa haraka. Kwa hilo peke yake, riwaya hii ingefaa kusomwa shuleni kwetu.

Udhaifu wake uko kwenye sauti. Vic anasimulia kila kitu kwa utulivu ule ule: mauaji, rushwa, mapenzi. Utulivu huo mwanzoni unatisha, baadaye unachosha, na mwishowe unafanya kazi ambayo sidhani mwandishi aliikusudia: unatufanya tumwonee huruma mwizi kuliko walioibiwa. Mzee Mwangi tunamjua kupitia macho ya mtoto wa Kihindi. Deepa na Njoroge, watu wawili pekee wanaothubutu kujenga kwetu kwa maana yake halisi, wanaadhibiwa vikali, kana kwamba riwaya yenyewe haiamini kwamba jambo hilo linawezekana. Labda kwa Nairobi ya miaka ile halikuwezekana. Lakini riwaya haikupaswa kukubali kirahisi hivyo.

*

Shosho nilimpata kwenye kitabu cha zamani zaidi, cha kwanza cha Vassanji: The Gunny Sack, cha 1989. Jina lake kwa Kiswahili ni gunia tu, na gunia ndilo linaloibeba hadithi. Salim Juma anarithi gunia la vikorokoro kutoka kwa bibi mzee wa ukoo, Ji Bai. Kila kitu anachokitoa humo kinatoka na hadithi yake, mpaka historia ya familia yote, tangu Gujarat mpaka Tanganyika ya Wajerumani na Tanzania huru, inalala sakafuni mbele yetu.

Mwanzoni mwa ukoo huo yuko Dhanji Govindji, mfanyabiashara aliyefika Pwani. Anapewa mtumwa, mwanamke anayeitwa Bibi Taratibu. Wanapata mtoto wa kiume, Husein. Baadaye Dhanji anaoa mke wa jamii yake, na Bibi Taratibu anawekwa kando. Husein anakua, anatoweka, na baba yake anamaliza pesa zake, na za jamaa zake pia, akimtafuta bara. Sasa sikiliza: Salim, msimulizi wetu, ametoka katika mbegu ya huyo Husein. Yaani mwenye gunia, "Muhindi" anayetusimulia habari za Wahindi, nyanya wa baba yake ni mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa.

Na gunia halijui chochote kumhusu. Hilo ndilo lililonisimamisha. Lina vitu vya kila mtu, lakini yeye hakuacha chochote humo. Hata jina lake si jina. Taratibu ni sifa, ni kitu ambacho mwenye nyumba angependa kukiona, na watumwa wengi wa Pwani walipewa majina ya namna hiyo. Taratibu, Yaya: ni jina la kazi, si la mtu.

Unaweza kumlaumu Vassanji kwa kumwacha Bibi Taratibu kimya. Mimi siafikiani na lawama hiyo. Angeweza kumbunia shajara, akampa hotuba nzuri ya kurasa kumi, nasi tungefunga kitabu tumeridhika kwamba haki imetendeka. Badala yake ametuachia shimo, na amelichimba pale ambapo msimulizi lazima apite kila anapojaribu kusema "sisi". Kuna kusahau, na kuna kujua kwamba umesahau. Mwenye kujua hawezi tena kusema ukoo wake ni safi, wala hawezi kuuliza kwao ni wapi akiitazama India peke yake. Bibi Taratibu ni kwao. Riwaya ya Vikram Lall imeandikwa kwa ustadi zaidi, lakini naona ustadi huo ulilifunika shimo hili. Ndiyo maana nikilazimishwa kuchagua, nachagua gunia.

*

Wa nne ni Shailja Patel, Mkenya, mshairi, na kitabu chake Migritude, kilichotoka 2010 baada ya kuigizwa jukwaani. Jina limeungwa kutoka maneno ya uhamiaji na msimamo, na ndani yake unasikia pia mwangwi wa Négritude. Mama yake alikusanya sari kwa miaka mingi, azitoe siku binti atakapoolewa. Binti hakuolewa. Mwishowe mama akampa sanduku lenyewe, na Patel akapanda nalo jukwaani.

Ungetarajia sanduku la sari lifunguke kwa machozi ya kuikumbuka India. Halifanyi hivyo. Patel anaanza na historia ya kitambaa chenyewe, ile nakshi ya umbo la embe ambayo dunia inaiita kwa jina la mji wa Scotland, Paisley, kana kwamba wafumaji wa Kashmir hawakuwahi kuwepo. Anaandika kuhusu wazazi walioishi kwa kubana senti ili mabinti wasome ng'ambo, maana baada ya 1972 Mhindi wa Kenya alilala na mguu mmoja nje ya mlango. Na halafu, katikati ya hizo sari, anawaleta wanawake Wakenya waliopitia kambi za Waingereza wakati wa Mau Mau, na wale walioeleza kubakwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuja kufanya mazoezi hapa nchini.

Wako humo kwa sababu kwa Patel aliyeiba jina la kitambaa na aliyewafungia wanawake hao ni mmoja. Wengine wanauliza, sisi ni nani? Yeye anauliza, kilichotuumiza sisi kilimuumiza nani mwingine? Huo ndio mlango wa kwetu ukifunguka.

Kasoro zipo. Wakati mwingine maandishi haya yanasikika kama yanasubiri makofi. Madhambi ya dunia yanapangwa moja baada ya jingine, kwa kasi ya jukwaa, mpaka wale wanawake wanapoteza nyuso na kuwa ushahidi wa hoja. Na hapo, bila kukusudia, wanarudi kuwa watu wasio na majina. Lakini afadhali kosa la mtu aliyewaita watu wengi mno kwenye nyumba yake kuliko la aliyefunga lango.

Kizazi kipya kinaonekana kujifunza kutokana na haya. A History of Burning ya Janika Oza, ya 2023, inaanza na kijana kutoka Gujarat aliyeletwa kwa hila kwenye reli na kuamriwa kuchoma nyumba za wenyeji. Anachoma. Dhambi hiyo inaufuata ukoo mpaka Kampala na mpaka Kanada. Yaani hadithi ya kutafuta nyumbani inaanza kwa kukiri kwamba nyumbani kwa mwingine paliteketea. Miaka 30 iliyopita nadhani tungeanzishiwa na meli na matumaini.

*

Sasa tujigeukie, maana ni rahisi kukosoa jikoni la mwenzako.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wetu hakupewa jembe. Sheria za mkoloni zilitenga ardhi ya nyanda za juu kwa ajili ya Wazungu, Mhindi akabaki na mizani ya duka, nasi tukakua tukiamini kwamba ni mtu asiyependa shamba. Uhuru ulipokuja, wale ambao hawakuwa wamechukua uraia walibanwa na sheria za 1967 za vibali vya kazi na leseni za biashara. Walipokimbilia Uingereza na pasipoti zake mkononi, Uingereza ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango, Machi 1968, baada ya bunge kuijadili kwa siku chache tu. Makhan Singh alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani pale Kaloleni mwaka 1950, akafungwa miaka 11. Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi Nairobi, Februari 1965, Kenya ikiwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo. Wangapi kati yetu tungewataja tukiulizwa mashujaa?

Na katika vitabu vyetu, Muhindi yuko wapi? Tangu Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, 1964, mara nyingi utamkuta nyuma ya kaunta. Kwao Yaya hana jina. Kwetu mwenye duka hana jina. Hizo ni sura mbili za shilingi moja.

Kisha kuna ule mchezo wetu wa kuiga Kiswahili chao. Kila mchekeshaji anao: "Veve kuja hapa, leta hii, veka pale." Tunacheka. Lakini jiulize kwa nini Kiswahili hicho kimejaa amri. Ni kwa sababu kilifundishwa mahali ambapo mmoja aliamuru na mwingine akatii, na walimu walikuwa mashosho zetu. Tunachokicheka ni kumbukumbu ya kazi yao. Yule mama wa Toronto naye alijua amri, bila shaka. Lakini "rakini" si neno la amri. Ni neno la mtu aliyekaa nawe muda mrefu mkaongea, mkabishana, ukamwambia hadithi akakukatiza.

*

Tulimtumia jina kamili la Shosho, majina yake matatu, pamoja na lile la utani ambalo wanawake wenzake walimwita. Baada ya siku mbili akajibu. Alishukuru. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtoto akiongea Kiingereza cha Kanada. Halafu akauliza tena: "Na kwao irikuwa wapi?"

Miaka 26. Jioni hiyo nilikuwa na hasira sana. Nilimwambia Mama, hawa watu hawakujua hata kijiji cha mtu aliyewalea. Mama akaniuliza, "Wewe unajua jina la mama yake huyo?" Sikujua. Mama pia hakujua. Miaka yote hiyo Shosho alikuja na hadithi za nyumba ile, na mwenye nyumba alikuwa Memsab tu. Ilikuwa haki yake kumwita hivyo, na sisemi kwamba mizani ilikuwa sawa. Mmoja alikuwa na lango na mwingine alikuwa na chumba cha nyuma. Nasema tu kwamba sikujua.

Kwa hiyo safari hii nilijibu mimi. Nikamwambia kwao ni Murang'a, nikamtajia kijiji na mto. Kisha nikamuuliza, "Na kwenu?"

Alichukua muda. Ujumbe wake ulipofika alitaja mji mmoja wa Gujarat, akasema hajawahi kufika huko. Halafu akataja barabara ya Parklands, namba ya nyumba, na mti wa zambarau uliokuwa nyuma, karibu na dirisha la chumba cha Yaya. Akauliza kama bado upo.

Sijui kama bado upo. Lakini mti huo naufahamu. Tulikula matunda yake.